Nyumba za Sadaka za Uingereza: Heshima ya Anayesaidiwa



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wiki hii nawaomba ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, tufunge safari ya kwenda Uingereza. Hatuendi kutazama kasri za wafalme. Tunakwenda kutazama nyumba ndogo, nyingine zenye vyumba viwili tu, zilizojengwa na matajiri wa zama zilizopita ili wazee, wajane na mafukara wapate pa kuishi. Wenyewe huziita kwa jina ambalo kwa lugha yetu tunaweza kusema ni nyumba za sadaka. Desturi hiyo ina umri wa takriban miaka 1000. Hadi leo watu zaidi ya 30,000 wanaishi katika nyumba za aina hiyo, baadhi yake mpya, na baadhi zenye kuta zilizosimama kabla Mreno hajafika Mombasa.

Huenda mtu akauliza: yatufaa nini sisi majengo ya Wakristo wa Ulaya? Yatufaa kwa sababu sisi tuna wakfu, nao wana kinachofanana nao. Mtu hutoa mali yake, asili ya mali ikazuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakaendelea kuwafikia wahitaji kizazi baada ya kizazi. Wako wanazuoni wa historia ya sheria wanaosema kwamba Waingereza walijifunza jambo hili kutoka kwa Waislamu zama za vita vya msalaba, na wako wanaolikataa. Siingii katika ubishi huo. Ninalotaka tulitazame ni moja: yule aliyetoa, alimjengea masikini nyumba ya namna gani? Maneno ya mtoaji yanaweza kuwa matamu, lakini kuta, milango na meko ndivyo vinavyosema alimwona yule anayesaidiwa kuwa ni nani.

UKUMBI WA VITANDA

Tuanzie mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza, si mbali na bahari. Hapo pana nyumba ya sadaka iitwayo St Mary, ambayo ukumbi wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13. Ukiutazama kwa nje unaona paa kubwa la vigae linaloteremka mpaka karibu na ardhi, kama kuku aliyefunika vifaranga. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wenye nguzo nene za mbao, na mwisho wake, upande wa mashariki, pana kanisa dogo.

Hivyo ndivyo zilivyojengwa nyumba nyingi za mwanzo. Vitanda vilipangwa kandokando ya kuta, safu ya kulia na safu ya kushoto, ili hata asiyeweza kuinuka aisikie ibada akiwa kitandani pake. Kwa mtu mwenye dini, nia hiyo inaeleweka. Lakini yafikirieni maisha ya humo. Ukikohoa, wanakusikia wote. Ukilia usiku kwa kumkumbuka mumeo, wanakusikia wote. Huna pa kuweka sanduku lako, huna pa kubadilisha nguo. Masikini amepewa paa, lakini sitara hakupewa.

La kupendeza ni kwamba jengo hilohilo lilikuja kurekebishwa. Katika karne ya 17, ndani ya ukumbi uleule, zilijengwa nyumba ndogo pande zote mbili, kila moja na mlango wake na meko yake. Dohani za matofali zikapanda, zikalitoboa lile paa kongwe na kutokea juu. Mpaka leo wazee wanaishi humo, nyumba ndani ya nyumba. Kwanza walimpa masikini kitanda, kisha, baada ya karne kadhaa, wakatambua kwamba anahitaji mlango.

WINCHESTER: MOTO WA MTU MWENYEWE

Kutoka Chichester tuelekee kaskazini-magharibi mpaka Winchester. Nje kidogo ya mji, kando ya mto Itchen, ipo nyumba ya St Cross. Ilianzishwa katika miaka ya 1130 na Askofu Henry wa Blois, mjukuu wa mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Aliiweka kwa ajili ya wanaume 13 mafukara wasiojiweza wakae humo, na masikini wengine 100 wapewe chakula kila siku. Mwaka 1445 Kadinali Beaufort aliongeza kundi la pili: watu waliokuwa na hali njema kisha dunia ikawageuka. Hilo ni jambo la hekima, kwa kuwa aliyewahi kuwa na kitu ndiye anayeona haya zaidi kunyoosha mkono. Nasi tumefundishwa katika Qur'ani kuwaangalia wale wanaojizuia kuomba, ambao asiyewajua hudhani hawana shida.

Mgeni huingia kwa kupita chini ya lango lenye mnara. Hapo langoni pana chumba cha bawabu, na desturi ya karne nyingi haijakatika: msafiri yeyote anayeomba hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha bia. Bia tutawaachia wenyewe, na mahali pake sisi tungeweka kahawa na tende. Lakini uzuri wa desturi hiyo ni kwamba bawabu haulizi wewe ni nani, umetoka wapi, wala kwa nini huna kitu.

Ukilipita lango unatokea katika uwanja mpana wa majani. Upande mmoja limesimama kanisa kubwa la mawe, na upande wa magharibi ipo safu ya makao ya wazee, yaliyojengwa katika karne ya 15. Ni jengo refu la orofa mbili, na juu ya paa lake dohani ndefu zimejipanga kwa nafasi zilizo sawa. Kila ngazi inahudumia makao manne, mawili chini na mawili juu. Kila mzee alikuwa na chumba cha kukaa, chumba cha kulala, na mahali pa vyombo na choo. Tukumbuke kwamba zama hizo mkulima wa kawaida wa Uingereza alilala na jamaa zake wote katika chumba kimoja chenye moshi. Fukara huyu alikuwa na moto wake mwenyewe.

Katika nchi ya baridi, moto ni uhai. Mwenye moto wake hupika anachokitaka, saa anayoitaka, na anaweza kumwambia mwenziwe, karibu uote. Asiye na moto wake hungoja kukaribishwa. Kila mama anayesoma hapa anaijua tofauti ya kukaa kwenye jiko lako na kukaa kwenye jiko la mwenzio, hata kama mwenzio huyo ni mke wa mwanao na anakupenda.

Hata hivyo moto wa faragha haukuwafanya wazee wale kuwa wapweke. Milango yao inatazama uwanja mmoja. Upo ukumbi wa kula pamoja, na lipo kanisa la kukutana. Mzee akitoka nje anaonana na mwenziwe, na asipoonekana kutwa, mlango wake unajulikana na atabishiwa hodi. Mpango huu wa kujenga nyumba kuuzunguka ua wa pembe nne ulienea Uingereza nzima. Utauona Guildford, ambako Askofu Mkuu George Abbot alianza kujenga mwaka 1619 kwa ajili ya wanaume 12 na wanawake 8, nyuma ya lango kubwa la matofali lenye minara minne.

Watu wa Lamu na wa Mombasa ya kale hawahitaji kufundishwa siri ya ua. Nyumba zetu za mawe zimeupa uso wake wa ndani heshima kuliko uso wa nje. Mgeni wa kiume hukoma barazani au dakani, na huko ndani, kwenye kiwanda chenye mwanga na hewa, wanawake wako huru na sitara yao. Mjenzi wa Uingereza na fundi wetu wa chokaa na boriti hawakuonana, lakini wote wawili walijua kwamba binadamu anahitaji mambo mawili kwa pamoja: ukuta wa kumsitiri na uwanja wa kukutana na wenziwe.

MWANAMKE ALIYENYIMWA URITHI

Sasa twende kaskazini, katika nchi ya Yorkshire, penye nyumba ya sadaka ya Beamsley. Ilianzishwa mwaka 1593 na bibi wa daraja la juu, Margaret Russell, kwa ajili ya wanawake masikini, na ikakamilishwa na bintiye, Anne Clifford. Jengo lake la ajabu ni la duara. Katikati lipo kanisa dogo, na vyumba vya wanawake vimelizunguka. Hapakuwa na ujia mwingine. Mwanamke hakuweza kufika chumbani kwake ila apite ndani ya kanisa, na akitoka alipita humohumo. Mtu anaweza kusema ni vizuri, kila hatua ikumbushe ibada. Mwingine anaweza kusema kwamba aliyeuchora mpango huo alitaka pia kuwaona wanawake wakiingia na kutoka. Nadhani yote mawili ni kweli, na wanawake waliendelea kuishi humo hadi miaka ya 1970.

Habari ya yule binti, Anne Clifford, inastahili kusimuliwa. Baba yake alipofariki mwaka 1605 alikuwa amewausia ardhi zake ndugu yake mwanamume, na binti huyu, mtoto wake pekee aliyebaki hai, akaachiwa fedha. Yeye na mama yake walishika haki yao. Alisumbuliwa na mumewe, akashinikizwa na mfalme mwenyewe akubali, naye akakataa. Ardhi zilimrudia mwaka 1643, pale tu warithi wa kiume wa upande ule walipokwisha, yeye akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50. Basi alipozipata, alijenga misikiti ya kwao, yaani makanisa, akakarabati ngome, na katika mji wa Appleby akajenga nyumba ya sadaka ya wajane, katika miaka ya 1651 hadi 1653. Nyumba zake ni fupi, zimeuzunguka ua mdogo, na kulikuwa na nafasi ya wanawake 12 pamoja na mmoja wa kuwaongoza aliyeitwa mama. Hadi leo ni makao ya wanawake.

Enyi ndugu zangu wanaume, tusiisome habari hii kama kisa cha Wazungu. Sisi hatuna udhuru hata huo wa sheria yao. Mwenyezi Mungu ameyagawa mafungu ya mirathi kwa uwazi, na fungu la binti, la mke na la mama yamo ndani ya Qur'ani. Pamoja na hayo, katika miji yetu wapo akina dada ambao nyumba ya baba yao imekaliwa na kaka miaka 20, na wao wanaambiwa wasubiri, wasivunje udugu. Wajane wengine hawangehitaji nyumba ya sadaka lau wangepewa haki yao tu.

MJANE NA BINTI YAKE

Tukirudi kusini, pembezoni mwa London, tunafika Bromley. Hapo mwaka 1666 ulifanyika wakfu kwa wasia wa Askofu John Warner wa Rochester kwa ajili ya wajane 20 wa makasisi. Sababu yake ni hii: kasisi wa Uingereza hukaa katika nyumba ya kanisa. Siku akifa, nyumba hupewa kasisi mpya. Mjane aliyeishi humo miaka 30, aliyepanda miti na kulea watoto, hutakiwa kuhama, wakati mwingine kabla machozi hayajakauka.

Nyumba yao ilijengwa katika miaka ya 1670 kwa matofali, kuuzunguka ua wa pembe nne. Kandokando ya ua huo zimesimama nguzo za mawe zilizobeba paa la ujia, hata mjane aweze kumtembelea jirani yake siku ya mvua bila kulowa. Kila mjane alipewa nyumba kamili, si chumba, na posho ya paundi 20 kwa mwaka. Ukiitazama, huoni jengo la mafukara. Unaona makao ya watu wenye heshima zao, na ndivyo alivyokusudia aliyeiweka.

Lakini hata wakfu mzuri huwa na upungufu. Wajane wengi waliishi na binti ambaye hakuolewa, akawa ndiye anayempikia mama, anayemwosha na kumshika mkono. Mama akifa, binti, ambaye sasa ni mtu mzima asiye na kazi wala mume, hutakiwa kutoka, kwa kuwa yeye si mjane wa kasisi. Mwaka 1840 zikajengwa hapohapo nyumba nyingine ndogo, mahsusi kwa ajili ya mabinti hao. Aliyeweka wakfu wa kwanza aliwaona wajane. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mtu mwingine amwone yule aliyekuwa akimuuguza mjane. Je, sisi tunamwona? Katika kila mtaa wetu yupo dada kama huyo. Wenziwe waliolewa, wengine wakaenda Nairobi na Ghuba, yeye akabaki na mama. Siku ya mazishi watu humsifu, na baada ya arubaini huanza kuulizana nyumba iuzwe lini.

Na nisiache kusema kwamba Waislamu tuliwahi kujenga nyumba za namna hii, tena mapema. Mjini Kairo, mwaka 684 wa Hijra, sawa na karibu mwaka 1285 wa Miladi, binti wa Sultani Baybars alijenga ribati kwa ajili ya bibi mmoja mwanachuoni, Zaynab al-Baghdadiyya, na wanawake waliokuwa pamoja naye. Mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza kwamba wanawake waliotalikiwa au kuachwa na waume zao walipata hifadhi humo mpaka waolewe au warejeane na waume zao, na walikuwa wakisikiliza mawaidha na kusoma elimu. Kwa hiyo mwanamke kumjengea mwanamke mwenziwe si jambo la kuazima. Hata hapa pwani ipo misikiti mikongwe inayobeba majina ya akina mama walioijenga.

MANAHODHA WA MILE END

Mashariki mwa London, katika barabara ya Mile End, ipo iliyokuwa nyumba ya sadaka, itakayomfurahisha kila mtoto wa pwani. Ilijengwa mwaka 1695 kwa ajili ya manahodha na wakuu wa meli waliopungukiwa, au wajane wao. Ni safu mbili za nyumba ndogo za matofali zinazotazamana, katikati bustani, na mwisho wake kanisa dogo. Kwenye kuta za mwisho zinazoelekea barabara, juu kabisa, zimewekwa sanamu ndogo za meli zilizochongwa kwa ustadi. Anayepita njia hazungumzi juu ya masikini. Anasema, hapa walikaa mabaharia. Mjenzi amewatambulisha watu kwa kazi waliyoifanya walipokuwa na nguvu, badala ya kuwatambulisha kwa shida iliyowapata uzeeni. Mwishoni mwa karne ya 19 ulitokea mpango wa kuzibomoa, na wapenzi wa majengo ya kale wakazipigania mpaka zikabaki.

NYUMBA NYINGINE, YA KUTISHA

Nisije nikaonekana kuwasifu watu hawa kupita kiasi. Nchi hiyohiyo ilijua kujenga kinyume chake. Mwaka 1834 ilipitishwa sheria mpya ya masikini, na nchi nzima zikajengwa nyumba za kazi. Anayeomba msaada aliingizwa humo. Mume alitengwa na mkewe, watoto wakatengwa na wazazi, kila kundi na ua wake na ukuta mrefu katikati. Walivaa sare, wakafanyishwa kazi ngumu. Hali ya humo ilifanywa mbaya kwa makusudi ili watu waogope kuomba. Katika nyumba ya kazi ya Andover, si mbali na Winchester, ilifichuka mwaka 1845 kwamba masikini waliokuwa wakiponda mifupa kwa ajili ya mbolea walikuwa wakiiguguna kwa njaa.

Ua wa Winchester ulijengwa ili wazee waonane, na ua wa Andover ili mume na mke wasionane. Mawe ni yaleyale na chokaa ni ileile, na nia ndiyo iliyotofautiana. Sura ya Al-Baqara inatuonya kwamba sadaka huharibiwa na masimango na maudhi. Tumezoea kudhani masimango ni maneno tu. Nyumba pia inaweza kumsimanga mtu, kila asubuhi anapofungua macho.

MALI ILITOKA WAPI, NA NANI ALIKULA

Yabaki mambo mawili ambayo msafiri mwenye uadilifu hawezi kuyafumbia macho.

La kwanza ni asili ya mali. Katika mtaa wa Shoreditch, London, zipo nyumba 14 zilizojengwa mwaka 1714 kwa wasia wa Sir Robert Geffrye, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa jiji. Ni majengo ya kupendeza, yamezunguka bustani pande tatu, na sanamu ya Geffrye imewekwa juu ya mlango wa katikati. Tangu mwaka 1914 yamekuwa jumba la makumbusho. Lakini sehemu ya mali ya Geffrye ilitokana na biashara ya watumwa wa Kiafrika, na tangu mwaka 2020 Waingereza wamekuwa wakibishana hadharani kama sanamu ile ibaki au iondoke. Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa habari hiyo, kwa kuwa watumwa walipita katika bandari zetu pia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Kumfariji mjane mmoja kwa jasho la aliyedhulumiwa hakuisafishi dhulma.

La pili ni msimamizi. Turudi St Cross ya Winchester. Mwaka 1808 askofu aliyekuwapo alimpa mwanawe mwenyewe, Francis North, usimamizi wa nyumba ile. Bwana huyo, ambaye baadaye alirithi cheo cha ukabaila, alikaa humo mpaka mwaka 1855, akijichukulia mapato makubwa ya ardhi za wakfu huku wazee wakipata kidogo. Kuta zilikuwa zilezile nzuri, dohani zilezile, na wizi ulikuwa ndani. Mahakama ilitoa hukumu dhidi yake mwaka 1853, na mwaka huohuo serikali iliunda tume ya kuangalia mali za sadaka. Miaka miwili baadaye mwandishi Anthony Trollope alitoa riwaya kuhusu msimamizi wa nyumba ya sadaka anayeneemeka kuliko wazee wanaotunzwa, na watu wote wakaelewa anazungumzia nini.

Nasema haya kwa sababu maradhi hayo hayana dini. Nyumba ya wakfu inayokodishwa kwa bei ya miaka 40 iliyopita kwa sababu mpangaji ni jamaa ya msimamizi ni maradhi hayohayo. Hesabu zisizosomwa mbele ya watu ni maradhi hayohayo. Msimamizi wa wakfu ni mwenye amana, na amana ina Siku yake ya kuulizwa.

NA SISI TUJENGE NINI?

Najua wako watakaosema: sheikh, kwetu nyumba za wazee ni aibu. Mzazi hukaa na wanawe. Nakubaliana nao, na nalisisitiza. Kuwatendea wema wazazi kumetajwa pamoja na kumwabudu Mwenyezi Mungu peke Yake, na hakuna jengo lolote linaloweza kumwondolea mtoto wajibu huo. Mwenye mama yake hai asimtafutie nyumba ya sadaka, amtafutie nafasi ndani ya nyumba yake, tena nafasi yenye mlango wa kufunga na pembe ya kupikia uji wake apendavyo.

Lakini wako wasio na mtoto. Yuko shangazi aliyeachwa akiwa na umri wa miaka 60. Yuko dada aliyesilimu na jamaa zake wakamkataa. Yuko baharia mzee aliyezika mke na watoto. Yuko yule binti aliyemuuguza mama. Hawa hulala leo katika chumba cha uani cha mtu, kwa huruma, na huruma huchoka. Kuwaambia kwamba nyumba za wazee ni aibu si msaada kwao. Aibu ni yetu ikiwa mji una misikiti kumi yenye marumaru na hauna chumba kimoja cha mjane.

Basi mwenye kunuia wakfu wa namna hii, au akina mama wa chama cha mtaa wenye kuchanga kidogo kidogo, wachukue haya kutoka katika safari yetu. Wajenge chini, si ghorofani, kwa ajili ya magoti ya wazee. Kila mtu awe na mlango wake, ufunguo wake na jiko lake, hata likiwa dogo. Milango itazame ua mmoja wenye kivuli, baraza ya kukaa alasiri na bomba la kutawadhia. Pawe karibu na msikiti na karibu na soko, ili mkaaji asikatike na watu. Nje pasiandikwe kwa herufi kubwa kwamba hapa ni pa masikini. Jina la aliyetoa, Mwenyezi Mungu analijua. Na masharti ya wakfu yaandikwe wazi: nani anaingia, binti anayeuguza ana haki gani, na hesabu zisomwe lini mbele ya nani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, awape wajane wetu sitara na utulivu, awaongoze wasimamizi wa wakfu zetu katika uaminifu, na azikubali sadaka zetu, ndogo na kubwa. Amin.